Daftari Lirudi Mara ya Pili

Katika shule zetu za sekondari, daftari la Kiingereza likitoka mikononi mwa mwalimu aghalabu humrudia mwenyewe likiwa na sura moja kati ya mbili: ama limepigwa alama kubwa ya vema chini ya ukurasa, na tarehe, na sahihi, pasipo neno jingine lolote, ama limejaa wino mwekundu kutoka mstari wa kwanza hata wa mwisho, kila neno limekatwa na jingine limeandikwa juu yake, hata mtoto haitambui tena insha yake mwenyewe. Wazazi huipenda sura ya pili, kwa kuwa wino mwingi ni dalili ya jasho la mwalimu. Na mkaguzi wa shule, ambaye Tanzania siku hizi huitwa mthibiti ubora, huweza kuridhika na yoyote kati ya hizo, maadamu kila zoezi lina alama ya kuonyesha kwamba limepitiwa. Rai yangu ni kwamba sura zote mbili, pamoja na tofauti yake kubwa machoni, zina taksiri moja: kazi ya kufikiri ama imefanywa na mwalimu peke yake ama haikufanywa na mtu, na mwanafunzi, ambaye ndiye aliyekusudiwa kujifunza, hakuombwa afanye jambo lolote.

Tuanze na kosa lenyewe, kwa sababu mengi yaliyoharibika katika usahihishaji yameharibika kwa kulidhania kosa vibaya. Kwa muda mrefu kosa la sarufi lilihesabiwa kuwa ni tunda la uvivu, au uzito wa akili, au mghafala. Na kwa hakika yako makosa ya namna hiyo, ambayo mwandishi akiisoma tena kazi yake huyaona na kuyafuta bila ya kuambiwa. Lakini mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder, aliyekuwa akifundisha Edinburgh, aliandika makala akabainisha kwamba yako makosa mengine ambayo mwanafunzi hayaoni hata akiyasoma mara kumi, kwa sababu kwake yeye si makosa: ni kanuni anazozifuata kwa uaminifu, kanuni alizojitungia kwa kukusanya kidogo alichokisikia katika lugha mpya na kingi alichokuwa nacho katika lugha ya kwanza. Kosa la aina hii humwambia mwalimu, pengine kuliko mtihani wowote, mwanafunzi wake amefika wapi katika safari ya lugha na amekwama kwa sababu gani.

Chukua mtoto aliyelelewa katika Kiswahili, iwe Tanga au Mombasa au Unguja. Tangu alipoanza kunena amezoea kwamba jambo likitajwa huacha athari yake ndani ya kitenzi, hata akisema "kitabu nilichokisoma" kitabu hicho kimo mara mbili katika neno moja, kwa "cho" na kwa "ki". Basi akifika kwenye Kiingereza huandika "the book which I read it", na ile "it" ya mwishoni, inayomkera mwalimu, ni utiifu wake kwa sarufi ambayo haijamwangusha hata siku moja. Kwa sababu iyo hiyo huandika "my mother she sells fish", maana kwake "mama anauza samaki" ikiondolewa ile "a" haibaki sentensi. Na kwa kuwa "a" hiyo haiulizi kama atajwaye ni mwanamume au mwanamke, dada yake huwa "he" katika mstari mmoja na "she" katika mstari unaofuata, wala yeye mwenyewe haoni kwamba kumebadilika kitu. Tena Kiswahili huweka wakati ndani ya kitenzi chenyewe, katika kukubali na katika kukanusha, ilhali Kiingereza kikikanusha huuhamishia wakati huo kwenye neno "did" na kukiacha kitenzi kitupu. Na mtoto asiyeambiwa habari za uhamisho huo huandika "he did not went", akiuweka wakati mahali pawili kwa tahadhari. Mtu akitoka nyumbani, au akienda nyumbani, au akikaa nyumbani, nyumbani kwetu ni nyumbani tu, na Kiingereza humdai neno tofauti katika kila hali. Tena mtu akiulizwa "Hujala?" naye hajala, hujibu "Ndiyo" kwa kuliafiki neno la muulizaji, na jibu lilo hilo kwa Kiingereza humfanya aonekane ameshiba. Ama zile "a" na "the", ambazo Kiswahili hakina mfano wake hata mmoja, hizo ni bahari peke yake. Mtoto wa Mwanza au wa Kakamega ana lugha nyingine nyuma ya Kiswahili, lakini katika mengi ya haya lugha za Kibantu ni ndugu, na makosa yake hufanana na ya mwenziwe wa pwani.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa humo mna fadhila ambayo mwalimu wetu anayo na haitumii. Mgeni aliyekuja kutoka Uingereza kufundisha lugha yake huliona kosa, na huweza kutoa umbo lililo sahihi, lakini hajui limetoka wapi. Mwalimu wa kwetu anajua, au angeweza kujua kwa kutafakari kidogo, maana lugha iliyozaa kosa ni lugha yake pia. Akimwambia mtoto kwa Kiswahili, kwa muda wa dakika moja, kwamba Kiingereza kikishasema "which" hakikitaji kitabu mara ya pili, amempa ufunguo utakaofungua sentensi mia. Shule nyingi zina kibao cha kuamrisha watu waseme Kiingereza tu, na wako walimu wanaoona ni aibu kuifafanua sarufi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mimi naiona aibu hiyo kuwa ni israfu ya mali tuliyopewa bure.

Sasa, kosa likishajulikana asili yake, hubaki swali la namna ya kulirudi, na hapa wataalamu wametusaidia kwa kupima mambo ambayo sisi tulikuwa tukiyakisia. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi walioufanya katika madarasa ya shule za msingi za eneo la Montreal, nchini Kanada, ambako watoto ambao lugha yao ni Kiingereza hufundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Walirekodi vipindi, wakahesabu kila mara mwalimu alipomsahihisha mtoto na kila mara mtoto alipoitikia sahihisho hilo, ama kwa kulirekebisha neno ama kwa kujaribu tu. Wakaona kwamba njia iliyopendwa zaidi na walimu, iliyochukua asilimia 55 ya masahihisho yote, ni ile ya mwalimu kuirudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, kwa upole, bila ya kusema kwamba palikuwa na kosa. Na njia hiyo ndiyo iliyoitikiwa kwa uchache kuliko zote, asilimia 31 tu. Walimu walipomtaka mtoto aimalizie sentensi mwenyewe, kwa kuianza na kumwachia nafasi, aliitikia kila mara. Walipomwomba aseme tena kwa kuwa hakufahamika, asilimia 88. Walipomdokezea kanuni pasipo kumpa jibu, asilimia 86.

Nimeichagua Montreal, japo lugha iliyokuwa ikifundishwa huko ni Kifaransa, kwa kuwa hali ya madarasa yale iko karibu mno na hali ya kidato cha kwanza cha Tanzania. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia sekondari akakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zimegeuka kuwa Kiingereza, na tangu siku hiyo kila mwalimu, apende asipende, amekuwa mwalimu wa Kiingereza. Mtoto anasimama katika kipindi cha baiolojia na kusema, "The plant it make food by the leaf." Mwalimu, ambaye akili yake iko kwenye mmea, anajibu, "Yes, the plant makes its food in the leaves," kisha anaendelea na mwanga wa jua. Je, mtoto amesikia nini? Amesikia "Yes." Kalisikia neno la kukubaliwa, akaketi ameridhika, na ile "it" aliyoiingiza na ile "s" aliyoiacha vimepita juu ya kichwa chake kama havikuwahi kutajwa. Mwalimu amesahihisha kweli, na mwanafunzi hakusahihishwa. Lau angelitulia kidogo akasema, "The plant…?" na kumtazama, pengine angelipoteza muda wa kuvuta pumzi mbili, na mtoto angelitafuta mwenyewe.

Yapasa niseme kwa insafu kwamba kuitikia si kujifunza. Mtoto aweza kulinyoosha neno leo mbele ya mwalimu na kulipinda kesho mbele ya msimamizi wa mtihani. Ndiyo maana nautazama kwa makini zaidi uchunguzi wa Rod Ellis, Shawn Loewen na Rosemary Erlam, uliochapishwa 2006 kutoka New Zealand, ambao haukuishia kwenye jibu la papo hapo. Walichukua umbo moja tu la sarufi, ile "-ed" ya wakati uliopita. Kundi moja la wanafunzi likarudiwa sentensi zao zikiwa zimenyooshwa kimyakimya, kundi jingine likaambiwa kwa maneno machache kwamba hapa unatakiwa wakati uliopita, na la tatu halikusahihishwa. Walipopimwa tena siku zilipopita, waliokuwa wameambiwa kanuni ndio walioshika zaidi. Upole wa kunyamazia kosa una wakati wake, lakini mwanafunzi hawezi kurekebisha asichotanabahi kwamba kimeharibika.

Watu wa pwani hawakuhitaji kungoja Montreal ili wajue haya. Mtoto akaaye mbele ya mwalimu wake chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akisoma juzuu, hupita aya kwa aya na mwalimu anasikiliza, pengine macho kayafumba, pengine watoto watatu wanasoma kwa pamoja kila mmoja mahali pake, na wewe mgeni ukadhani hasikii. Mara mtoto mmoja anavuta herufi isiyovutwa, au anaifanya "ha" nzito kuwa nyepesi, na mwalimu anaguna. Hampi neno. Huguna tu, au huisoma aya kutoka mwanzo hata kufika mahali palipoharibika kisha hunyamaza hapo, na mtoto hutafuta. Akilipata, huisoma aya yote upya. Asipolipata, hupewa, na bado huisoma aya yote upya, wala haruki kwenda ya pili hata ya kwanza isimame. Na wanavyuoni wa tajwidi walikwisha kuyagawa makosa ya usomaji mafungu mawili: lahani ya dhahiri, ambayo hubadilisha herufi au irabu na huweza kuharibu maana, na lahani iliyofichika, ambayo ni ya ufasaha na huijua mwenye sikio lililozoezwa. Mwanafunzi anayeanza hasumbuliwi kwa ile iliyofichika. Hiyo hungoja mpaka ile ya dhahiri imekwisha. Sisemi kwamba chuo kilikuwa bustani, maana bakora nayo ilikuwapo, na wako waliotoka humo wanakumbuka bakora kuliko herufi. Lakini katika ufundi wa kusahihisha, yaani kumwachia mtoto nafasi ya kutafuta, kuchagua kosa la kuanzia, na kutopita mbele kabla ya kosa kurekebishwa na mkosaji mwenyewe, mwalimu wa chuo alikuwa amefika mahali ambapo daftari la Kiingereza la kidato cha pili halijafika.

Hayo ni ya ulimi. Ya kalamu yana ubishi wake, na ubishi huo ulikuwa mkali. Mwaka 1996 John Truscott, aliyekuwa akifundisha Taiwan, aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili ni jambo linalopasa kuachwa kabisa: halina faida iliyothibitika, alisema, tena lina madhara, kwa kuwa hula wakati wa mwalimu na humfanya mwanafunzi aandike sentensi fupi na nyepesi ili ajiepushe na wino. Dana Ferris wa Marekani alimjibu 1999 kwamba amekata hukumu mapema mno, kabla ushahidi haujakusanywa. Mimi simfuati Truscott hata mwisho, lakini hoja yake ya pili naiona kila nifunguapo daftari lililosahihishwa kwa ghadhabu. Mtoto aliyeandika kwa ghera habari za mafuriko ya mtaani kwao, akapata ukurasa wote mwekundu, huandika mara ya pili kwamba mvua ilinyesha, watu walikimbia, yeye alifurahi kurudi nyumbani. Sentensi tatu ambazo hazina kosa wala hazina kitu. Mwalimu hudhani kwamba amefaulu.

Lililomjibu Truscott vizuri zaidi kuliko maneno ni majaribio yaliyofanywa kwa kulenga kitu kimoja. John Bitchener, mwaka 2008, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Auckland na wanafunzi wageni wa Kiingereza, naye hakushika sarufi yote. Alishika "a" ya kutaja jambo kwa mara ya kwanza na "the" ya kulirejea, basi. Waliosahihishwa katika hilo tu waliboreka kuliko wasiosahihishwa, na miezi 2 baadaye walikuwa bado hawajaupoteza ubora huo. Kwa sisi ambao lugha yetu haina "a" wala "the", jambo hili si dogo: lile eneo tulilokuwa tukidhani kwamba hupatikana kwa kuzoea tu, kwa miaka, kumbe hukubali kufundishwa kwa kalamu, ikiwa kalamu itakubali kuyasamehe mengine kwa muda.

Kusamehe huko ndiko kugumu. Mwalimu mwenye dhamira njema huona kwamba kosa aliloliacha bila alama amelihalalisha, na mzazi akilifungua daftari akakuta "he go" haikukatwa husema mwalimu huyu hajui kazi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutangaza. Wanafunzi waambiwe kabla ya kuandika kwamba wiki hii jicho la mwalimu liko kwenye wakati uliopita na kwenye "he" na "she", na maneno hayo yaandikwe juu ya zoezi, mzazi ayaone. Kisha mwalimu apige mstari chini ya kila mahali palipoharibika katika hayo mawili, aweke herufi moja pembeni ya kuashiria aina ya kosa, asiandike jibu. Lile ambalo halijafundishwa, na mtoto hana njia ya kulijua, hilo alipe moja kwa moja, maana kumtaka mtu atafute asichokuwa nacho ni kumdhihaki. Daftari likirudi, dakika 10 za mwanzo wa kipindi ziwe za watoto kuandika upya zile sentensi zilizopigwa mstari, kila mtu peke yake kwanza, kisha na jirani yake. Na daftari lirudi mara ya pili kwa mwalimu, ambaye sasa husoma sentensi zile tu.

Nitaambiwa kwamba haya ni ya shule zenye wanafunzi 20. Na tupige hesabu. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya watoto 60, akitumia dakika 5 kwa insha moja ili anyooshe kila kitu, atahitaji saa 15 kwa zoezi moja, na kwa hiyo hatalifanya, au atalifanya mara mbili kwa muhula na siku zilizobaki atapiga vema. Mwalimu yule yule akitafuta mambo mawili tu, bila kuandika majibu, hatazidi dakika 2, ambazo ni saa 6 kwa mikondo yote. Bado ni nyingi, lakini ni saa ambazo mwanadamu anaweza kuzipata katika wiki mbili. Wingi wa wanafunzi, ambao hutajwa kama udhuru wa kutosahihisha kwa uchaguzi, mimi nauona kuwa ndio hoja kubwa ya kusahihisha kwa uchaguzi.

Wengine watasema kwamba masahihisho tunayo siku zote, kwa kuwa watoto huamriwa kuandika jibu lililo sahihi mara tano chini ya zoezi. Ndiyo, huandika, na aliyewahi kuwatazama wakiandika anajua kwamba huandika kwa safu, neno la kwanza mara tano kutoka juu hata chini, kisha neno la pili mara tano, hata sentensi itimie bila kusomwa hata mara moja. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mwalimu. Mkono umefanya kazi na kichwa kimepumzika. Hiyo si kurekebisha, ni kunakili, na tofauti yake haitafutiki kwa kuongeza mara tano zikawa kumi.

Liko neno la fedheha, nalo nitalipitia upesi kwa kuwa kila msomaji analo lake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind kilichotoka 1986, ameeleza namna watoto wa Kenya wa zama za ukoloni walivyovikwa vibao shingoni kwa kukutwa wakisema lugha ya mama zao. Vibao hivyo vimeondoka katika shule nyingi, lakini kicheko cha darasa hakijaondoka, na mwalimu anayemwiga mtoto alivyokosea ili wenzake wacheke amesahihisha sentensi moja na kuzinyamazisha zote zilizokuwa nyuma yake. Mtoto asiyesema hakosei, na asiyekosea hapewi sahihisho. Hakika wasichana wengi wa safu za nyuma huimaliza sekondari kwa njia hiyo, wakiwa na madaftari safi na ndimi zilizofungwa. Kosa lililosemwa mbele ya watu liulizwe mbele ya watu kwa sauti ile ile ambayo mwalimu angeuliza jina la mto au tarehe ya vita.

Na je, mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe kina mashaka? Wako, nao si wachache, wala hawana lawama peke yao, kwa kuwa walitoka katika madarasa yale yale. Huyo ndiye anayefaidika zaidi na usahihishaji mwembamba. Sarufi yote haimiliki, lakini mambo mawili ya wiki aweza kuyasoma Jumapili katika kitabu cha sarufi, akayahakikisha, akaingia darasani akiwa na yakini nayo. Na baada ya miaka miwili ya kufanya hivyo atakuwa ameipitia sarufi ya Kiingereza kwa marefu na mapana kuliko alivyoipitia katika chuo cha ualimu. Anayenyoosha kila kitu pasipo yakini huweza kulikata lililo sahihi, na wanafunzi hodari, ambao hawasemi, huona.

Kwa wathibiti ubora nina ombi moja, nalo halihitaji bajeti. Wakifungua daftari waache kuhesabu alama za vema, watafute mahali ambapo mwanafunzi ameandika sentensi yake upya kwa mkono wake mwenyewe baada ya mwalimu kupiga mstari. Wakiikuta, wamsifu mwalimu hata kama makosa mengine mia yamebaki hayakuguswa, na wasipoikuta, wamwulize kwa nini, hata kama ukurasa ni mwekundu wote. Mwalimu hufanya lile linalokaguliwa. Vivyo hivyo katika vyuo vya ualimu: mkufunzi aendaye kumtazama mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha hutazama andalio la somo, na zana, na sauti, na mwandiko wa ubaoni, nayo yote ni mambo ya haki, lakini ningependa, kabla hajaondoka, amwombe pia madaftari matatu ya wanafunzi aliyoyasahihisha, la mtoto hodari, la wa kati na la mnyonge, akae naye nusu saa chini ya mti au popote penye kivuli, na kila alama nyekundu iliyomo amtake aeleze mtoto alitarajiwa afanye nini nayo.